Ua la Mpera Nyuma ya Kioo

Kila asubuhi Cirilo na mkewe Deolinda huoka chipa, mikate ya jibini na wanga wa muhogo, na kuiuza kando ya barabara kuu ya Itauguá, nchini Paraguay. Jua likipanda, vikapu huwa vitupu. Hapo hurudi nyumbani na kuketi barazani na Ña Eulogia, yaani Bibi Eulogia, mama yake Deolinda. Hunywa tereré, chai ya majani iliyo baridi, kwa zamu, kikombe kimoja, mrija mmoja.

Ña Eulogia alikuwa mfumaji wa ñandutí, ile lesi nyembamba kama utando wa buibui. Sasa vidole vyake vimekakamaa. Hafumi tena. Lesi yake ya mwisho ni ya duara, pana kama sinia, imejaa maua ya mpera. Aliifuma mwaka aliofiwa na mumewe, Don Saturnino. Tangu hapo ilikaa sandukuni, imekunjwa.

Siku moja Cirilo alisema, "Lesi ya mama inazeeka bure sandukuni. Jumapili ijayo anatimiza miaka themanini. Tuitie fremu."

"Fremu ni za watakatifu na marais," Ña Eulogia akasema. "Mimi ni nani?"

"Wewe ni mama mkwe wangu. Unawazidi wote kwa ukali."

Ña Eulogia akacheka. "Na nani ataitia hiyo fremu?"

"Mimi, nani mwingine? Picha ya mzee si niliitia mwenyewe? Kadibodi, gundi, kioo, basi."

Akainuka, akaitungua picha ya Don Saturnino iliyokuwa ukutani hapo barazani. Alitaka kuwaonyesha jinsi alivyofanya. Deolinda akaipokea, akafuta kioo kwa pindo la aproni. Akafuta tena. Akakunja uso.

"Cirilo, hii alama shavuni kwa baba haitoki. Iko ndani."

"Ni unyevu tu. Lete nifungue."

Akang'oa vimisumari vya nyuma, akatoa kadibodi. Lakini picha haikutoka. Ilikuwa imegandana na kioo. Cirilo akaingiza ukucha pembeni, akavuta. Kipande kidogo cha karatasi kikachanika. Ukingo wa kofia ya mzee ukabaki kwenye kioo.

"Acha!" Ña Eulogia akapiga kelele. "Unamchuna mume wangu!"

Cirilo akaiweka picha mezani kama yai. Ilikuwa picha ya pekee ya Don Saturnino. Kikombe cha tereré kilikuwa mkononi mwa Deolinda, naye alisahau kumpa mwenzake.

"Mama, nisamehe," Cirilo akasema mwishowe. "Nilidhani kioo kinamlinda."

"Kinamla," Ña Eulogia akajibu. Akajifuta macho. "Twendeni kwa mtu anayejua."

Mtu huyo alikuwa Ña Nimia Ovelar, fundi wa fremu. Karakana yake inanukia mbao za mwerezi, na ukutani amepanga vipande vya pembe za fremu, sampuli za kila aina. Aliichukua picha, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Nani alivuta?"

"Mimi," Cirilo akasema. "Kidogo tu."

"Kidogo hicho kinatosha, ndugu yangu. Usivute tena. Usiipashe moto, usiiloweshe. Hapa kwetu hewa ina maji. Kioo hutoka jasho kwa ndani. Picha ikikigusa, inaganda kama ngozi ya maziwa."

"Kwa hiyo baba ndiyo basi?" Deolinda akauliza.

"Hapana. Tutaipiga picha hivihivi, kupitia kwenye kioo, tuchapishe nakala. Nakala ndiyo itakayotundikwa. Hii yenyewe ikae na kioo chake, mahali pakavu pasipo na mwanga. Wapo wataalamu wa kuokoa picha kama hizi. Ukimpata mmoja, atajaribu. Mimi sithubutu, nisije nikawadanganya."

Ña Eulogia akashusha pumzi. Kisha akamgusa bintiye kiwiko. Deolinda akatoa lesi kikapuni na kuikunjua. Penye mikunjo palikuwa na mistari ya manjano.

Ña Nimia aliinama juu ya lesi. "Maua ya mpera," akasema polepole. "Hii mlitaka kuifanyaje?"

Cirilo akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, mwanangu," Ña Eulogia akamwambia. "Fundi hasikii."

"Gundi," Cirilo akasema. "Na kadibodi. Lakini jamani, si kila mtu anabandika?"

"Ndiyo, na kila mtu ana lesi ya manjano," Ña Nimia akacheka. "Sikiliza. Gundi hukauka, huwa kahawia, na haitoki tena. Kadibodi ya maboksi ina asidi. Mwaka baada ya mwaka huuma kitambaa. Nitatumia kadi maalumu isiyo na asidi. Juu yake kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Lesi itashonwa hapo kwa uzi mwembamba. Na ndani ya fremu nitaweka vijiti, ili kioo kikae mbali. Lesi ipumue."

"Nami nilitaka kioo kiikandamize ili isicheze," Cirilo akasema.

"Ukimkandamiza mtu, hachezi. Lakini hapumui pia."

Cirilo akajikuna kisogo, akainua macho kwenye zile pembe za ukutani. Akachagua moja pana, ya dhahabu, yenye majani ya kuchongwa. "Basi angalau fremu iwe hii. Mama anastahili."

Ña Nimia hakubisha. Akaiweka ile pembe kando ya lesi. "Mnaona nini?"

"Dhahabu," Deolinda akasema.

Fundi akaiondoa. Akatandika kitambaa cha buluu iliyokolea chini ya lesi, akaweka pembe nyembamba ya mwerezi, isiyo na nakshi.

Ña Eulogia akainama mbele. "Maua yamejitokeza," akasema kwa sauti ndogo.

"Na bei?" Deolinda akauliza. "Tumesikia fremu za kupimiwa ni za matajiri."

"Nakshi ndizo ghali. Mwerezi huu mtaumudu, hata kwa mafungu. Ukitaka kubana, bana kwenye mapambo. Usibane kwenye kinachoigusa lesi. Haya, mtaitundika wapi?"

"Barazani," Cirilo akasema. "Pale alipokuwa ametundikwa mzee."

"Panapopigwa na jua la mchana? Jua hufifisha rangi hata nyuma ya kioo. Kipo kioo kinachopunguza makali yake, ila hakiyamalizi. Tafuteni ukuta wa ndani, mbali na jua na moshi wa jiko."

Ilibaki kazi ya kushona. Ña Nimia alikuwa ameshika sindano tayari, lakini akasita. "Ña Eulogia, mwenye kuijua ni wewe. Nianzie wapi?"

"Macho yangu hayaoni tundu la sindano."

"Mimi nitakutungia uzi, mama," Deolinda akasema.

Basi Deolinda akatunga na kushona, mama yake akielekeza kwa kidole kilichopinda. "Hapo! Shika fundo, usishike petali. Petali haibebi uzito. Fundo ndilo mfupa." Ña Nimia alisogea karibu, akatazama kwa makini. Baadaye Ña Eulogia akaomba sindano. Mishono ya katikati aliishona mwenyewe. Hakuna aliyemharakisha.

Jumapili ndugu walifika na nyama na sopa, ule mkate mzito wa mahindi na jibini. Lesi ilikuwa sebuleni, kwenye ukuta wa ndani. Kando yake alikuwa Don Saturnino, nakala yake, katika fremu ileile ya zamani. Safari hii alikuwa na pambizo pana ya kadi nyeupe, na kioo hakikumgusa. Nyuma ya kila fremu Cirilo alikuwa amebandika vipande vya kizibo ili hewa ipite. Alimwonyesha kila mgeni vile vizibo, mpaka Deolinda akamwambia, "Waache watu wale kwanza."

Masika yalikuja, kuta zikatoka jasho kama kawaida. Cirilo alikagua fremu mara kwa mara. Hakuona doa wala ukungu.

Kisha akaja Liduvina, mfumaji wa mtaa wa pili. Alikuwa amesikia kuhusu lesi. "Ña Eulogia, ua hili kwetu limepotea. Mama yangu hakunifundisha. Naweza kulitazama?"

"Tazama. Ila usinibandikie pua kwenye kioo."

Liduvina akaketi na fremu yake ya kufumia, akahesabu nyuzi kwa macho. Ña Eulogia alimsahihisha kutoka kitini. "Rudisha. Pitisha chini. Siyo hivyo, mwanangu!" Liduvina alikuja tena na tena, akafumua, akaanza upya.

Jioni moja Liduvina alimaliza ua lake la kwanza. Akasimama, akalishika kando ya kioo, karibu na maua ya zamani. Ña Eulogia alilitazama kwa muda mrefu.

"Lako limepinda kidogo," akasema. "Langu la kwanza lilipinda zaidi."