Gari la Mahari

"Funga boneti hiyo, Mundhir. Nipe ufunguo wangu."

Rayya alisimama katikati ya gereji, abaya yake ameikusanya kwa mkono mmoja isiguse oili iliyomwagika sakafuni. Mbele yake lilikuwa gari lake jeupe, kubwa, viti vya ngozi, rimu zinazong'aa. Ukiliona barabarani utageuka kulitazama. Alilinunua mkononi mwa mtu kwa akiba yake yote ya miaka tisa ya ualimu, na katika miezi minne limeshalala gereji mara tano.

Mundhir alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. Huyu alikuwa fundi wa magari ya kifahari pale Firq, nje kidogo ya Nizwa, Oman. Watu walimletea magari mpaka kutoka Sur.

"Mwalimu, sijamaliza. Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miezi minne! Mwezi wa kwanza springi za hewa. Wa pili kompyuta ya gia. Halafu dirisha, halafu taa, halafu kompyuta tena. Gari gani hili linaumwa kila kiungo?"

"Gari lililokunywa maji."

"Unasemaje?"

"Hili gari limezama, Rayya. Limeingia kwenye mafuriko, likakaushwa, likapakwa rangi, ukauziwa wewe. Waya zinaoza kwa ndani. Leo ninaponya huku, kesho linaharibika kule."

Rayya akacheka kicheko kikavu.

"Nabhan aliniambia utasema hivyo hivyo."

"Nabhan kasema nini?"

"Kasema unaliharibu makusudi ili nirudi hapa. Kasema hujasahau."

Mafundi wawili waliokuwa wakigonga rimu pembeni wakaacha kugonga. Kila mtu pale Firq alijua habari ile. Miaka mitatu nyuma Mundhir alikwenda na wazee wake kumposa Rayya. Khalfan, kaka yake Rayya, ndiye walii wake, msimamizi wa ndoa yake, tangu baba yao afariki. Aliwanywesha kahawa, akawapa halwa, halafu akawaambia dada yake hawezi kuolewa na mtu mwenye oili kwenye kucha. Sasa Rayya alikuwa mchumba wa Nabhan, kijana wa ofisini, kanzu ya dishdasha nyeupe kama maziwa, ananukia udi saa zote. Milka, yaani kufunga ndoa kwenyewe, ilikuwa keshokutwa Jumamosi.

"Nijibu," Rayya akasema, sauti imeshuka. "Hujawahi kunicheleweshea gari makusudi? Hata siku moja?"

Mundhir angeweza kudanganya. Alitazama chini.

"Nimewahi. Mwezi wa Ramadhani. Lilikuwa tayari Jumatatu, nikakupigia Jumatano."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukilichukua, sikuoni tena."

"Astaghfirullah! Basi yote aliyosema ni kweli."

"Siyo yote! Siku mbili nilizichelewesha, na ni kosa langu, nisamehe. Lakini sijaharibu hata msumari. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone mwenyewe, ule mwisho unaojificha..."

Rayya alishaunyakua ufunguo juu ya meza. Akaingia, akabamiza mlango. Mundhir akakimbia ubavuni mwa gari, anagonga kioo.

"Rayya! Nenda nalo popote, lakini usilipandishe Jabal Akhdar! Unanisikia? Mlimani usiende!"

Gari likatoka kwa vumbi.

Njiani simu ikaita. Nabhan.

"Umelichukua, mpenzi?"

"Nimelichukua."

"Fundi amelia?"

"Usimcheke, Nabhan. Amesema gari limezama."

Nabhan akacheka.

"Limezama wapi, jangwani? Wewe, hili gari nilikutafutia mimi mwenyewe. Saif aliyekuuzia alikuwa analifunika kwa shuka kama mtoto mchanga. Gari la kifahari lina madeko, linataka matunzo kama wewe. Tukishaoana nitakupeleka kwa fundi wa maana huko Maskati. Sasa kamlete mama."

Mama ndiye aliyekuwa sababu ya kununua gari lile. Umm Khalfan aliishi juu kabisa Jabal Akhdar, kijiji cha Sayq, na alikataa katakata kuacha bustani yake ya mawaridi na mikomamanga. Kwenye kituo cha polisi chini ya mlima hawaruhusu gari dogo kupita, lazima liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Rayya alitaka mama yake apande na kushuka kwenda kliniki amekaa kwenye kiti laini, goti lisimuume.

Alipanda jioni ile ya Alhamisi, gari likapanda vizuri tu. Mpaka akaona haya kwa kuogopa.

Ijumaa asubuhi wakashuka. Umm Khalfan alikaa mbele, pakacha la mikate myembamba na chupa za maji ya mawaridi miguuni, anapiga hesabu ya wageni wa kesho.

Kwenye kona ya tatu taa nyekundu ikawaka. Kisha ya njano. Kisha zikawaka zote kwa pamoja, dashibodi nzima. Gari likashuka chini kwa kishindo, springi zimelala. Injini ikakohoa, ikazima.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

Usukani ulikuwa mzito kama jiwe, na gari lilikuwa linazidi mwendo. Akakanyaga breki, ikashika kidogo. Akakanyaga tena, ikawa ngumu kama amekanyaga ukuta.

"Mama, nipigie Nabhan. Haraka!"

Umm Khalfan akabonyeza jina, akaweka spika.

"Nabhan! Gari limezima mlimani, breki hazishiki!"

"Liweke pembeni lipoe, mpenzi. Niko na wageni, nitakupigia."

"Nabhan, breki..."

Simu ikakatwa.

Rayya akatamka jina ambalo jana aliapa hatalitamka tena.

"Mpigie Mundhir."

Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Rayya?"

"Nashuka mlima! Injini imezima! Breki ngumu!"

"Sikiliza. Usibonyeze kitufe cha kuzima, usukani utajifunga. Breki usiiachie na kuikanyaga tena. Ikanyage mara moja, kwa miguu yote miwili, na uishikilie hapo hapo. Umekanyaga?"

"Nimekanyaga! Inapunguza kidogo, haisimami!"

"Kidogo inatosha. Uko wapi?"

"Nimepita... nimepita kona yenye mnara wa simu!"

"Mbele yako kuna njia ya changarawe inapanda mkono wa kulia. Ile ya kuokolea magari yaliyokatika breki. Unaijua?"

"Naijua."

"Ingia humo. Usijaribu kona inayofuata, ingia humo. Usukani utakuwa mzito, vuta kwa mikono miwili."

"Mundhir, mama yangu yumo!"

"Najua. Mama Khalfan, shika mpini wa juu. Rayya, vuta sasa!"

Umm Khalfan alishaanza shahada. Rayya akavuta usukani mpaka mabega yakalia. Gari likaacha lami, likaingia kwenye changarawe, mawe yakarushwa juu ya vioo, likapanda, likazama mpaka nusu ya magurudumu, likasimama.

Chupa moja ya maji ya mawaridi ilipasuka. Gari zima likanukia.

"Rayya? Rayya, nijibu!"

"Tumesimama," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Umm Khalfan akapumua, akajitengeneza shela.

"Punda wa baba yako alipita hapa miaka thelathini," akasema. "Hakuzimika hata siku moja."

Mundhir alisema anakuja na gari la kuvuta, wasubiri nje, mbali na barabara. Kabla ya kushuka, Rayya alikumbuka maneno ya jana. Akaushika mkanda wa kiti chake, akauvuta, akauvuta, mpaka pale ambapo hakuna mtu anayeufikisha. Kipande cha mwisho kilikuwa na tope lililokauka, la rangi ya kahawia, lenye mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Maji yaliishia pale, kwenye usawa wa bega lake.

Akatoa karatasi za gari kwenye droo ya mbele. Namba ya Saif, muuzaji, ilikuwemo. Akaipiga.

"Saif? Mimi niliyenunua gari lako jeupe. Limetaka kuniua mimi na mama yangu. Limezama wapi?"

"Dada, mimi... pole sana. Mimi sijui kitu."

"Nakwenda polisi sasa hivi na jina lako."

"Usinitaje mimi! Gari halikuwa langu! Mimi nilitoa jina tu, nikamfanyia hisani. Muulize Nabhan. Yeye ndiye aliyelinunua bovu baada ya kile kimbunga kilicholeta mafuriko, akalikausha. Pesa uliyonitumia nilimpelekea siku ile ile, yote. Wallahi sikuchukua hata baisa."

Rayya alikata simu bila kuaga.

Mundhir alipofika alikuwa anahema kana kwamba amepanda mlima kwa miguu. Aliwatazama wote wawili, akahakikisha wazima, ndipo akalitazama gari. Rayya akamwonyesha mkanda.

"Ulijua lini?" akamuuliza.

"Nilishuku mara ya tatu ulipolileta. Nilipofungua kapeti."

"Mara ya tatu? Hiyo ni miezi miwili!"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje, Rayya? Mchumba wako ndiye aliyekutafutia gari. Mimi ndiye niliyekataliwa. Ningesema, wangeniona nina wivu."

"Kwa hiyo uliona afadhali nife kuliko wewe uonekane una wivu?"

Umm Khalfan, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe, akasema:

"Mwache kwanza, mwanangu. Kesi yake ipo, lakini siyo ya leo. Leo tuna ya mwingine."

Baada ya magharibi Nabhan aliitwa nyumbani kwa Khalfan. Alikuja anatabasamu, akidhani ni mambo ya kesho. Akakuta kwenye majlis, chumba cha wageni, Khalfan, Umm Khalfan na Rayya wamekaa. Kahawa ipo, hakuna anayemmiminia.

"Mpenzi, asubuhi nilikuwa na wageni, nisamehe. Gari limepona?"

"Gari la nani?" Rayya akauliza.

"Lako."

"Kabla ya kuwa langu."

Nabhan akamtazama Khalfan, kama mtu anayetafuta mlango.

"Saif kashasema," Khalfan akamwambia. "Usijisumbue."

"Sikilizeni. Nililikausha vizuri! Nilibadilisha vifaa, nililiendesha mwenyewe wiki mbili halikunisumbua. Sikukusudia baya."

"Kwa nini uniuzie mimi?" Rayya akauliza. "Nizwa nzima, Oman nzima, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulikuwa unatafuta gari! Na mimi nilikuwa natafuta... Kaka yako alitaka mahari kubwa. Nilikuwa nimebanwa. Ningekuambia baada ya ndoa."

Rayya alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini hesabu hii ilimchukua muda kuiamini. Wiki iliyopita Nabhan alileta mahari ndani ya sanduku la kijani, mama zake wanapiga vigelegele. Yeye Rayya aliligusa sanduku lile akalia kwa furaha.

"Subiri kidogo," akasema polepole. "Ile mahari uliyoleta..."

Nabhan akatazama kikombe chake kitupu.

"Ni pesa ya gari. Ni akiba yangu. Ulitaka kunioa kwa pesa yangu mwenyewe."

"Rayya, nilikuwa nakupenda..."

"Ulikata simu! Nakwambia breki hazishiki, mama yangu yuko pembeni yangu, ukakata simu! Na wewe ndiye uliyejua tangu siku ya kwanza gari lile lina nini!"

Khalfan akasimama.

"Nitakuletea sanduku lako sasa hivi, utoke nyumbani kwangu."

"Hapana, kaka," Rayya akasema. "Sanduku halitoki. Ile ni pesa yangu. Tunamrudishia gari lake."

Akaweka ufunguo mbele ya Nabhan, pembeni ya kikombe kitupu.

"Liko Firq, nje ya gereji. Na Jumapili nakwenda trafiki liandikwe kwenye karatasi zake kwamba limezama, usije ukamuuzia mtoto wa watu mwingine."

Nabhan aliuchukua ufunguo. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumamosi ile hakukuwa na milka. Majirani walisema walivyosema. Khalfan alikaa wiki nzima bila kumtazama dada yake usoni, halafu siku moja akaenda mwenyewe Firq. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akanywa chai na Mundhir, akamwomba radhi mbele ya mafundi wake. Mundhir alimkubalia. Lakini hakuja nyumbani kuposa tena.

Miezi mitatu ikapita. Rayya alinunua gari jingine, la kazi, viti vya kitambaa, halina madeko. Alasiri moja akaenda nalo gereji.

"Lina nini?" Mundhir akauliza.

"Halina kitu. Nimekuja kukuuliza. Mbona huji?"

"Nilikuja. Nikakataliwa."

"Ulikataliwa na kaka yangu. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Mundhir aliiweka spana chini.

"Nikuulize sasa?"

"Uliza."

"Utakubali kuolewa na mimi?"

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Ni haki yako."

"Ukishuku kitu tena, unaniambia siku hiyo hiyo. Hata kama utaonekana mjinga. Hata kama nitakufukuza."

"Nitakwambia. Na ukinifukuza?"

"Rudi uniambie tena."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Lete wazee wako, Mundhir."

Walifunga ndoa Sayq, mwezi wa mawaridi, wakati mlima mzima unachuma na kupika maji yake. Umm Khalfan alikataa kabisa kushuka, akasema safari hii wageni wapande. Shehe alipokuja mlangoni kwa wanawake kumuuliza bibi harusi kama ameridhia, wengi walitegemea sauti ya chini, ya haya, kama ilivyo ada.

"Nimeridhia!" Rayya akajibu, mpaka wanaume barazani wakacheka.

Mama yake akamfinya mkono.

"Polepole, wewe. Wamekusikia mpaka Nizwa."

"Waache wasikie," akasema.