Jeneza Lisiloingiza Maji

Hutaamini. Mimi mwenyewe nilikuwepo, simu iko mkononi, na bado najiuliza.

Baba yangu alikuwa mpishi wa meli. Alipostaafu alikuwa anatuambia, "Mimi nchi kavu ndiyo inanitapisha." Tunacheka weee! Siku moja akasema bila kucheka. Akamshika mama mkono. "Nikifa, nizikeni baharini." Mama akamwahidi.

Kisha baba akafa.

Mwili ukiwa mochwari, baba mdogo akajifungia karakanani. Yeye ni seremala. Mtaa mzima unamwita Gundi, maana mlango wake ukifungwa hata mbu hapiti. Alipotufungulia, tukaona jeneza. Jamani! Nilisahau kulia. Kila kiungo amekiziba kwa lami. Ndani ametandika nailoni.

"Kaka hatalowa," akasema. "Hata tone."

Mpango wetu ulikuwa mwepesi: kukicha tukodi boti, twende. Kibali cha nini? Bahari si shamba la mtu.

Basi akaja Mama Gati kutupa pole. Ni jirani yetu, anafanya kazi ofisi ya bandari. Akaligonga lile jeneza. Ko, ko.

"Fundi, mikono yako haina mfano. Lakini hili halizami."

"Halizami kivipi?"

"Limejaa hewa, na maji hayana pa kuingilia. Hapa umetengeneza boti, Gundi. Mawimbi yatalirudisha ufukweni, na watakaolikuta hawamjui ndugu yako."

Mama akaziba mdomo kwa khanga. "Nimzike mara mbili?"

"Hapana, dada yangu. Sheria haikukatazi. Inataka ufuate utaratibu. Cheti cha kifo mnacho?"

"Nimekipiga picha," nikasema, nikainua simu.

"Picha haizikwi, mwanangu. Lete chenyewe. Kuna kibali cha mazishi, kuna na kibali cha mamlaka ya bahari. Hao ndio watakaowaonyesha mahali: mbali na pwani, kwenye kina kirefu, pasipopita nyavu za wavuvi. Kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo mtu anauliza kwanza, boti anakodi baadaye."

"Na jeneza?" mama akauliza.

"Nailoni itoke, lami itoke, ni sumu kwa samaki. Avikwe nguo ya pamba tupu. Chini liwekwe vyuma vizito. Halafu litobolewe matundu, pande zote."

Baba mdogo akasimama. "Nimtoboe kaka yangu?"

"Si yeye. Ni mbao."

"Wewe unaona mbao!"

Akatoka nje, akakaa kwenye rundo la taka za mbao, ametugeuzia mgongo. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mama ndiye aliyemfuata.

"Shemeji, wewe uliahidi hatalowa. Mimi niliahidi atafika. Tutimize ahadi ya nani?"

Baadaye akaingia, akachukua drili. Akaiwasha. Akaizima. Akaiwasha tena. Yule Gundi asiyeacha hata pa kupita mbu, nikamwona anatoboa kazi yake kwa mikono yake, machozi yanachanganyika na unga wa mbao. Kila tundu, "Nisamehe, kaka." Kila tundu!

Tulihangaika na ofisi, lakini vibali vikatoka. Tukapanda chombo chenye leseni. Nahodha alipofika mahali palipoandikwa kwenye kibali, akazima injini.

Tukamteremsha. Maji yakaingia kwenye matundu. Jeneza halikuyumba, halikupinduka. Likashuka polepole, kama mtu aliyechoka anajilaza kitandani. Baba mdogo aliinamia ukingoni mpaka hakuna cha kuona.

"Limekubali," akanong'ona.

Nahodha akatupatia vipimo vya mahali pale. Nikaviweka kwenye ramani ya simu yangu. Siku hizi mama akizidiwa ananiita, "Nionyeshe baba yako." Namwonyesha. Kidoti kimoja kwenye buluu tupu. Anakigusa kwa kidole, ananirudishia simu, anaendelea kuosha vyombo.

Hakuna wimbi lililomrudisha.

Sasa niambie wewe. Umemtengenezea ndugu yako kazi bora kuliko zote za maisha yako, halafu unaambiwa itoboe, la sivyo hatapumzika. Ungeishika hiyo drili?