Jiwe la Tangi Lilinisingizia

Kwetu Malaba siku huanza na honi za malori. Malori husimama kwa foleni kutoka forodhani hadi karibu na mlango wetu, yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Mume wangu, Ojiambo, huziba pancha za malori hayo. Mimi, Roselida, huwapikia madereva chai na uji. Tunakaa na mama mkwe wangu, Mama Zilpa, na binti yetu mdogo, Nasimiyu. Sisi sote tunategemea tangi moja la mabati lililo nyuma ya nyumba. Linajazwa na mvua inayotoka kwenye paa.

Tangi hilo lina jiwe la kupimia maji. Nitaeleza jiwe hilo vizuri, kwa sababu nusura linifukuze kwangu.

Ndani ya tangi kuna mkebe mtupu uliozibwa. Mkebe huelea juu ya maji. Umefungwa kamba. Kamba inapita juu ya kigurudumu kwenye ukingo wa tangi, kisha inashuka nje. Mwisho wa kamba kuna jiwe lililopakwa rangi nyekundu. Jiwe linaning'inia mbele ya ubao wenye alama. Maji yakiongezeka, mkebe unapanda na jiwe linashuka. Likifika chini kabisa, tangi limejaa. Maji yakipungua, jiwe linapanda: nusu, halafu robo, halafu tupu, juu kabisa.

Msomaji wa jiwe alikuwa Mama Zilpa. Kila asubuhi nilimwamkia. Kila asubuhi alinipita bila kuitikia, akaenda kwanza kutazama jiwe. Nilizoea. Mtu huzoea mengi akiolewa.

Mwaka wa 1974 jua la Februari lilikuwa kali. Wiki mbili nzima Mama Zilpa alisoma nusu. Tulipika, tukaoga, Ojiambo akajaza karai lake la kutafutia matundu ya tyubu. Jiwe halikusogea. Hakuna aliyeshangaa. Watu wakisikia habari njema hawaulizi maswali.

Alhamisi upepo mkubwa ulivuma alfajiri. Kulipokucha nikasikia kelele nyuma ya nyumba.

"Mama Nasimiyu! Kuja hapa!"

Nilikimbia nikidhani ni nyoka. Mama Zilpa alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Jana nilisoma nusu. Leo ni robo. Maji imeenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Na mfereji haitoi kitu!"

Nilifungua mfereji ulio chini ya tangi. Ulitema tone moja la kahawia, ukanyamaza.

"Umeuzia madereva," akasema. "Unachota kwa juu, halafu unaziba mfereji ili sisi tukose. Nimekujua!"

Nilimgeukia mume wangu. Nilingoja aseme neno moja tu. Ojiambo alitazama jiwe. Akatazama ubao. Akajikuna shingo.

"Roselida," akasema polepole, "jiwe haina mdomo. Haiwezi kusema uongo."

Haki ya Mungu, damu ilinichemka! Miaka saba nimempikia huyu mtu. Nimemzalia. Nimefua nguo zake zenye grisi mpaka kucha zikawa nyeusi. Leo anaamini jiwe lililofungwa kamba, mimi ananiacha!

Haikuishia hapo. Mama Zilpa alitoka mpaka barabarani, akawaambia madereva na wauza ndizi. Kabla ya saa sita stendi yote ya malori ilijua kwamba mke wa Ojiambo ni mwizi wa maji. Kisha akatuma ujumbe kwa Mzee Makokha, amu yake Ojiambo. Aje Jumamosi na wazee wengine wawili. Kama nikipatikana na kosa, nirudishwe kwetu Bumala.

Nilipika chai siku hiyo bila kumtazama mtu. Maji nilichota mtoni, debe kichwani. Wengine walinipisha njia wakinong'ona.

Ijumaa mchana alikuja Omagor kuzibiwa tyubu ya baiskeli yake. Omagor ni jirani yetu, wa kabila la Wateso, mfanyakazi wa reli. Kazi yake ni kutunza matangi yanayonywesha gari moshi. Ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alikuta nimefura kwa hasira.

"Mama, kuna nini? Chai yako leo ni chungu."

Nilimweleza yote. Sikupunguza kitu. Aliweka kikombe chini.

"Hiyo tangi imesafishwa lini?"

"Kusafishwa?" Mama Zilpa alijibu kutoka mlangoni. "Haiwezi kusafishwa. Kwetu Budalang'i maji haimalizwi kwa chombo. Lazima ya chini ibaki iwe mbegu, kama vile unaacha maziwa kidogo kwa kibuyu. Ukikausha chombo, mvua itakasirika. Tangu tangi iwekwe, miaka sita, sijaruhusu mtu aguse chini."

Omagor hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba, sisi tukamfuata. Aligonga tangi kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu. Lililia: ti, ti, ti. Alipofika karibu na mfereji likasema: du.

"Nileteeni ngazi na fimbo ndefu."

Alipanda, akafungua kifuniko, akateremsha fimbo mpaka chini. Alipoitoa, sehemu ya chini ilikuwa na tope jeusi, kiasi cha kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Juu ya tope fimbo ilikuwa kavu.

"Maji iko wapi hapa?" akauliza. "Hakuna. Hii robo yenu ni matope. Mkebe umekaa juu ya matope, jiwe inaonyesha robo. Na mfereji umezikwa; ilikuwa inatoa tu kwa sababu maji ya juu iliisukuma."

"Na ile nusu ya wiki mbili?" Ojiambo akauliza.

Omagor alivuta kamba kwa ndani. Ilikuwa nene kwa utelezi wa kijani. Alipandisha mkebe mpaka jiwe likafika nusu, akauachilia. Mkebe haukuanguka. Uling'ang'ania palepale, kamba imeganda kwenye kigurudumu. Jiwe lilisoma nusu, na tangi halina hata kikombe kimoja!

"Umeona? Utelezi ulishika kamba. Nyinyi mlichota, maji ikashuka, mkebe ukabaki juu. Jana upepo ulitikisa, ukaanguka." Alishuka ngazi. "Hakuna mtu aliiba. Vumbi ya barabara inakaa kwa paa, mvua inaiosha, inaingia tangi. Miaka sita! Mama, maziwa ya kibuyu inazaa maziwa. Tope inazaa tope. Kipimo ni kizuri, lakini tangi ikiwa chafu kipimo itadanganya."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nimeitwa mwizi, na mwizi mwenyewe alikuwa amelala chini ya tangi miaka sita.

Ojiambo alikohoa. "Basi tusafishe leo. Maneno iishe kimyakimya."

"Ati kimyakimya?" Nilimkabili. "Mlinitangaza barabarani. Stendi nzima inajua. Hilo tope litatoka kesho, mbele ya wazee mliowaita. Na nitaingia kulitoa mimi mwenyewe!"

Akaenda kutafuta kamba na karai.

Jumamosi asubuhi Omagor alitufundisha kazi. Kwanza tulifungua kifuniko na kuacha hewa iingie kwa muda mrefu. "Mtu asiingie tangi peke yake," alisema. "Hewa ya ndani inaweza kuwa mbaya. Na msilete taa ya moto." Alinifunga kamba chini ya makwapa. Upande wa pili aliushika Ojiambo, juu ya ngazi, asiondoke hata dakika moja. Tulifungua pia tundu la chini la kutolea uchafu, ambalo halijawahi kufunguliwa. Omagor alilizibua kwa chuma.

Wazee walifika nikiwa ndani. Nilisikia Mzee Makokha akiuliza, "Mshtakiwa yuko wapi?"

"Niko huku, mzee!" nikapiga kelele. "Pokea ushahidi!"

Nikampandishia Ojiambo karai la kwanza. Naye akalimwaga miguuni pa wazee. Harufu ilitoka, wakarudi nyuma. Halafu la pili. Halafu la kumi. Tope, majani, manyoya ya ndege, mjusi mkavu. Wauza ndizi walikuja. Madereva waliacha chai yao. Kila karai lilipomwagwa nilisikia watu wakisema, "Lo! Na hii walikunywa?"

Makarai thelathini na moja. Nilipotoka, nilikuwa mweusi kutoka miguuni hadi usoni. Hakuna aliyecheka.

Tulisugua kuta kwa brashi na maji ya mtoni, tukayatoa kwa tundu la chini. Mara tatu. Tulisugua mkebe na kigurudumu. Kamba ile tukaitupa, tukafunga mpya. Tulipomaliza, Omagor alitwambia tumwage maji kidogo ndani, apime kwa fimbo, kisha atazame jiwe. Fimbo na jiwe vilikubaliana. Mwisho alifunga wavu mdomoni mwa mfereji wa paa.

"Mvua ya kwanza msiiingize tangi," alisema. "Iacheni ioshe paa, imwagike. Na kila mwaka, kabla ya mvua ya masika, safisheni. Mara moja kwa mwezi pimeni kwa fimbo. Fimbo na jiwe zikikosana, jueni kuna uchafu. Na maji ya kunywa, chemsheni."

Mzee Makokha alitazama lile lundo la tope. Kisha akamtazama Mama Zilpa.

"Zilpa, ulituita tuhukumu mwizi. Mwizi ndiyo huyu?"

Mama Zilpa akachukua kanga yake mwenyewe, akanijia mbele ya watu wote, akaanza kunipangusa tope usoni.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema. "Nilikusema barabarani. Nitakutetea barabarani." Na alifanya hivyo. Alitembea stendi nzima, mtu mmoja mmoja.

Na Ojiambo? Huyo sikumsamehe haraka. Wiki nzima nilimwambia, "Kamuulize jiwe," kila alipouliza chakula kiko wapi. Mwishowe aliniomba radhi, tena kwa sauti, dereva wa lori akisikia.

Mvua ya masika ilinyesha. Ya kwanza tuliimwaga. Zilizofuata zilijaza tangi, na jiwe likashuka mpaka chini. Tangu hapo hatujapungukiwa maji ghafla, na nikifungua mfereji maji yanatoka meupe.

Kila asubuhi bado namwamkia Mama Zilpa. Anaitikia, ananiuliza nimelalaje, anamuuliza Nasimiyu pia. Ndipo anakwenda kutazama jiwe, na fimbo ameishika mkononi.