Sauti Ilikuwa ya Mchungaji

Mama mshonaji alikuwa akitia uzi kwenye cherehani simu yake ilipolia. Ujumbe wa sauti ulikuwa umeingia kwenye kundi la waumini.

"Baba watoto, njoo usikie! Mchungaji huyu."

Mumewe, fundi seremala, akaja na randa mkononi. Sauti ilisema, "Acheni vidonge vya presha. Ombeni tu, mtapona."

"Ndiye hasa," alisema mume. "Hata kikohozi chake nakijua."

Tangu siku hiyo fundi, aliyekuwa na presha, hakumeza vidonge vyake tena. Mkewe naye akawatumia ujumbe ule waumini wenzake wasiokuwa kwenye kundi lile.

Wiki chache baadaye fundi alianguka karakanani. Daktari alisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno hayakutoka tena.

Mchungaji alipokuja kumwona, mke alimpokea kwa ukali. "Umekuja kutazama kazi yako?"

"Kazi gani, mama?"

Akamfungulia ile sauti. Mchungaji akakaa kitako. Kisha akatoa simu yake na kufungua mahubiri mazima ambamo maneno yale yalitoka. Wakasikiliza: "Kuna watu wanawaambia, acheni vidonge vya presha. Ombeni tu, mtapona. Msiwasikilize! Ombeni, na dawa mmeze."

"Sauti ni yangu," mchungaji alisema. "Ila mtu amekata mwanzo na mwisho. Siku hizi ni kazi ya dakika moja."

"Ningejuaje mimi?"

"Ujumbe ukisema jambo zito, tafuta mahubiri mazima, au nipigie uniulize. Na mambo ya dawa, muulize daktari. Sisi pia tumekosa, mama. Tulirusha mahubiri mitandaoni, hatukuwafundisha watu kuyapima."

Kitandani, mume alijaribu kusema neno. Mdomo ukapinda, mate yakamtoka. Mke akamfuta. Hakujua alitaka nini.

Jumapili, kanisa lilitangaza namba moja ya simu ya kuulizia kila ujumbe wenye mashaka. Kisha mke akasimama mbele.

"Wengi wenu, ule ujumbe niliwatumia mimi. Ulikuwa umekatwa. Ukija mwingine, msiusambaze. Pigeni simu kwanza. Mimi sikupiga."

Bibi mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono.

"Kwa hiyo, mwanangu, vidonge vyangu nimeze?"

"Meza, bibi. Na kesho urudi kliniki wakupime."

Bibi akafungua mkoba wake, akaomba maji.