Maneno ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Asubuhi hiyo Mwamini alikuwa uani, anachuja mawese. Binti yake Warda alikaa mlangoni, oridinateri, yaani kompyuta yake, iko mapajani. Nyumba yao iko Rumonge, mtaa wa chini. Zamani ilikuwa mbali na maji. Siku hizi ziwa limepanda. Limeingia katika nyumba za mstari wa mbele na wenyewe wamehama. Kuta zimebaki zimesimama majini, milango iko wazi.

Warda alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alisoma katika chuo kimoja Bujumbura. Alirudi nyumbani kuandika memwari, yaani andiko refu la kumalizia masomo. Aliandika juu ya wavuvi: wanajuaje kwamba dhoruba inakuja? Memwari ilikuwa kwa Kifaransa, lakini maneno ya wavuvi aliyaacha kwa Kiswahili. Alizoea kusoma kwa sauti ili asikie makosa yake.

"Sikia hii, mama," alisema. Akasoma:

"Ziwa likinyamaza kama mutu anayesikiliza nyuma ya mlango, mimi siendi. Natia mguu wa kushoto majini, huu wa vidole vine. Mguu ukisikia baridi inatoka chini, narudi kwa nyumba."

Chujio lilimtoka Mwamini mkononi. Mawese yakamwagika mchangani.

"Soma tena," alisema.

Warda alisoma tena, polepole. Mama yake akamsogelea.

"Nani alikuambia ile maneno?"

"Hakuna, mama. Nimeyakuta kwa Internet."

"Hapana. Ile ni maneno ya baba yako."

Warda hakumjua baba yake. Zubeir alikuwa mvuvi, alivulia Magara. Alipotea ziwani Warda akiwa na miaka miwili. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Yeye hakupatikana. Majirani walisoma khitma, lakini Mwamini hakutoka chumbani. Hakutaka kumwombea kama maiti mtu ambaye hakumwona amekufa.

"Mguu wa kushoto wa baba yako ulikuwa na vidole vine," Mwamini alisema. "Injini ilimukata kimoja. Mimi sijawahi kukuambia. Sasa niambie, anasema kutoka wapi?"

Mwezi mmoja uliopita Warda aliona ukurasa mmoja kwenye Internet, akayachukua maneno, akaufunga. Hakuandika anwani yake. Katika memwari aliweka tu: "Wavuvi wanasema." Aliutafuta ukurasa ule hadi adhuhuri. Mwishowe aliukuta, lakini ulikuwa mtupu. Juu yake paliandikwa: "Ukurasa huu haupo tena."

Siku ile ile msimamizi wake wa chuoni alipiga simu. Alikuwa amesoma sura ambayo Warda alimtumia, yenye maneno yale.

"Warda, nani amesema maneno haya? Umeyasoma wapi?"

"Wavuvi, Madamu."

"Wavuvi gani? Mtu ana jina. Kuchukua maneno ya mwenzako na kuficha yalikotoka ni wizi. Nakupa wiki moja. Ukikosa, sura hii inaondolewa, na mimi sikupeleki mbele ya majaji wa memwari."

Mwamini aliifunika oridinateri kwa kanga. "Usifungue ile kitu ndani ya nyumba," alisema. Hakula siku ile wala siku iliyofuata.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Warda hakumwona mama yake uani. Alimtafuta mpaka kwenye nyumba zilizoingiliwa na maji. Hakukuwa na upepo. Ziwa lilikuwa laini kama mafuta, hata mawimbi madogo hayakugonga kuta. Mwamini alikuwa ndani ya nyumba ya tatu, ile aliyokaa na Zubeir alipoolewa. Maji yalimfika magotini. Alikuwa ameweka sikio ukutani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nyamaza. Namusikiliza."

Warda aliingia majini. Akasimama, na yeye akasikiliza bila kutaka. Kitu kiligonga mara mbili upande wa pili wa ukuta. Alijilazimisha kuchungulia. Lilikuwa jerikani tupu, linaelea, linagusa tofali. Lakini maji yalikuwa yametulia kabisa, na hakujua ni nini kililisukuma.

Alimshika mama yake mkono, akamtoa nje.

Alasiri ile alikwenda kwa jirani yao Dusabe. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi katika maktaba ya chuo, na sasa anatunza chumba cha kusomea pale mtaani.

"Amahoro, Mama Dusabe."

"Amahoro. Mbona uso iko hivyo, mutoto wangu?"

Warda alimweleza yote. Dusabe hakucheka.

"Maneno hayatembei peke yake," alisema. "Kuna aliyeyasema, na kuna aliyeyaandika. Wewe umekata kamba katikati, ndiyo maana mama yako anaona mzimu. Ulipoyachukua, uliyafungia ndani ya alama za nukuu?"

"Hapana."

"Hilo ndilo la kwanza. Maneno ya mtu yalivyo, unayafungia. Kisha unaandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Hata ukiyaeleza kwa maneno yako mwenyewe, fikra bado ni yake, kwa hiyo jina linabaki."

"Na kama iko Internet?"

"Unaongeza anwani na tarehe uliyoisoma, kwa sababu kurasa za Internet zinakufa. Mwisho wa memwari unaweka orodha ya vyote ulivyotumia, kwa mpangilio mmoja, ule ambao chuo chako kinataka. Si huku hivi na kule vingine. Lete simu yako."

Dusabe alichagua maneno machache ambayo si kila mtu angeyasema: *huu wa vidole vine*. Akayatafuta yakiwa ndani ya alama za nukuu. Yalitokea mahali pamoja tu, katika makala ya mwanafunzi mwingine. Lakini yeye aliandika vizuri. Baada ya maneno aliweka mabano: Bukuru 2004, uk. 41. Kwenye orodha ya mwisho kulikuwa na jina zima: Venanti Bukuru, memwari juu ya wavuvi na hali ya hewa.

"Umeona?" Dusabe alisema. "Huyu hakukata kamba. Nasi tumeishika."

Dusabe aliwapigia simu wenzake wa zamani. Mmoja alimjua Venanti Bukuru. Alikuwa mwalimu, sasa amestaafu, anakaa Kabezi.

Warda alipomweleza, Mwamini hakukubali kubaki. Kesho yake wote watatu walifika kwa Mwalimu Venanti. Aliwakaribisha sebuleni, akatoa memwari yake ya zamani, yenye jalada la kijani. Warda alifungua ukurasa wa arobaini na moja. Maneno yalikuwa pale. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na tanbihi. Aliisoma kwa sauti:

"Zubeir Asmani, mvuvi. Mahojiano, Magara, tarehe 14 Machi 2004."

Mwamini alisimama.

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na nne, mama."

"Baba yako alipotea Jumanne, tarehe tisa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Siku tano baadaye. Kwa hiyo alitoka majini. Alikaa na huyu bwana, wakaongea. Kwa nini hakurudi kwangu?"

Venanti alimtazama Mwamini, kisha akatazama ukurasa. Uso wake ulibadilika.

"Mama, mimi sikujua kwamba alipotea," alisema. "Nisubirini."

Aliingia chumbani. Walimsikia anavuta masanduku. Alirudi na daftari lililoliwa pembeni na mchwa.

"Hii ndiyo kaye niliyoandika mkononi, yeye akiwa mbele yangu. Ile memwari ilipigwa chapa baadaye."

Alifungua polepole, karatasi zisikatike. Warda aliinama, akasoma: "Alhamisi, tarehe 4 Machi 2004. Zubeir Asmani, Magara."

"Nne," Venanti alisema. "Si kumi na nne. Tarehe sita nilikuwa nimesharudi Bujumbura. Mpiga chapa aliongeza moja, na mimi sikusoma tena. Kosa langu limekaa pale miaka ishirini na moja. Nisamehe, mama."

Mwamini alikaa. Alilia kwa muda mrefu, na Dusabe alimshika bega. Alipomaliza, aliuliza, "Kuna kitu kingine alisema?"

Venanti aligeuza karatasi. Mstari wa mwisho alikuwa amesahau kwamba aliuandika. Aliusoma: "Ameniuliza kama nitaandika kwamba ni yeye aliyesema. Nimemwahidi."

Warda alitazama sakafuni. Alikumbuka maneno yake mwenyewe: *Wavuvi wanasema.*

Aliporudi Rumonge alifungua memwari yake upya. Aliyafunga maneno ya Zubeir kwa alama za nukuu. Chini aliandika: "Zubeir Asmani, mvuvi, mahojiano na V. Bukuru, Magara, 4 Machi 2004, katika Bukuru 2004, uk. 41. Tarehe iliyochapwa (14 Machi) ni kosa. Imesahihishwa kwa daftari la mwandishi, lililosomwa Kabezi." Kisha alipitia kurasa nyingine zote. Alikuta sehemu tisa ambazo alichukua maneno bila jina. Kwa sehemu saba alipata wenye maneno. Mbili hakupata, akazifuta.

Mwezi uliofuata alisimama mbele ya majaji. Mmoja wao aliweka kidole kwenye tanbihi ile.

"Ulijuaje kwamba tarehe iliyochapwa ina kosa?"

"Nilikwenda kwa aliyeiandika," Warda alijibu.

Memwari ilipokelewa.

Ijumaa iliyofuata Mwamini aliita watu nyumbani. Ilisomwa khitma ya Zubeir, na safari hii alikaa na wanawake wenzake mpaka mwisho. Wageni walipoondoka, Warda aliosha vyombo, na mama yake akakaa karibu naye juu ya kigoda.

"Umeuliza wavuvi," Mwamini alisema. "Wake wao je? Sisi tulikuwa tunajua dhoruba mbele yao. Moshi wa jikoni ulikuwa unatuambia."

Warda alifuta mikono haraka, akachukua kalamu na daftari. "Moshi ulikuwa unafanya nini, mama?"

"Ngoja kwanza. Andika jina langu. Mwamini, wa Rumonge. Na tarehe ya leo." Alisogea, akatazama kalamu ikianza kwenda. "Andika vizuri, kisha nisomee."