Wanawake Arobaini na Watatu

Kwanza Swabra aliona jambo dogo tu: kila alipoinua kalamu, wanawake waliitazama kalamu, hawakumtazama yeye.

Ilikuwa asubuhi njema katika kijiji kidogo nje ya Mambrui. Kila jiko lilinukia mahamri, na Swabra alipita nyumba kwa nyumba na karatasi za kaka yake kwapani. Kaka yake, Aboud, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu, na juu yake alikuwa ameongeza masomo ya cheti cha uchambuzi wa takwimu. Utafiti wake wa cheti hicho ulihusu zahanati ya kijiji: je, wanawake wanaokwenda kujifungua wanahudumiwa vizuri? Kwa kuwa mambo ya uzazi hayasemwi mbele ya mwanamume, alimtuma mdogo wake. Swabra aliishia darasa la sita, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri.

"Zahanati inakuhudumia vyema?" alimuuliza Mama Kavumbi, muuza mchicha.

"Sijui mimi."

"Ndiyo au la tu, mama."

"Andika sikujibu. Kisha hiyo kalamu yako ilaze, mwanangu. Ina masikio makubwa kuliko yako."

Swabra akacheka, akailaza mkekani. Hapo Mama Kavumbi akasogea. "Ijumaa adhuhuri muuguzi hufunga akaenda kwao, mpaka Jumatatu. Mjukuu wangu nilimpokea mimi, kwa mikono hii, mlangoni pa zahanati, juu ya leso yangu. Lakini mtoto huyo atachanjwa na muuguzi yuyo huyo. Ukiniandika, atadungwa sindano ya hasira!"

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Kati ya wanawake mia moja na ishirini, arobaini na watatu walinyamaza mbele ya kalamu, na kalamu ilipolala wakasema habari za kufuli. Kwenye karatasi Swabra aliandika tisini na tisa, namba aliyoelekezwa kumwandikia asiyejibu.

"Kaka, hawa walionyamaza wana maneno," alisema alipozikabidhi.

"Maneno gani? Nionyeshe yalipoandikwa."

"Hawataki kuandikwa. Wanasema... pengine pale hufungwa."

Aboud akacheka. "Hayo ni maneno ya jikoni, Swabra. Mimi nataka takwimu. Ungemaliza shule ungenielewa."

Jamani, neno kama hilo huuma kuliko kofi. Tangu siku hiyo Swabra hakuligusa tena jambo lile.

Mwalimu wake Aboud, Simeon, aliliona pengo. Swabra alikuwa akifagia baraza alipomsikia kwenye simu: "Hawa arobaini na watatu, mbona wamenyamaza wote kwenye swali moja? Usiwaondoe kabla hujajua sababu. Rudi ukawaulize."

"Nitarudi, mwalimu."

Hakurudi. Siku za kuwasilisha kazi zilikuwa zimebaki tatu, naye alikitaka cheti kabla ya mahafali. Aliandika kwamba amerudi, amewauliza, nao hawana la kusema. Kisha akawafuta. Wakabaki wanawake sabini na saba, na sabini na mmoja kati yao walikuwa wameiambia kalamu, "Alhamdulillahi, twashukuru." Tisini na wawili kwa mia! Cheti kikaja, biriani ikapikwa, na ukuta wa sebule ukapigwa msumari.

Mkewe Aboud, Zuleikha, alikuwa na mimba ya kwanza. Mwezi wa tisa ulipoingia akasema, "Nipeleke Malindi kwa mama. Mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwao."

"Usumbukie nini, na zahanati iko hapa? Tisini na wawili kwa mia, Zuleikha. Nimeipima mwenyewe."

Zuleikha akamgeukia Swabra, aliyekuwa ameshika birika la chai. "Wifi, wewe ndiwe uliyepita majumbani. Wanawake wanasemaje?"

Aboud alimtazama. Swabra aliinamia vikombe.

"Wengi wanasifu," alisema.

Uchungu ulimshika Zuleikha Jumamosi asubuhi. Tuktuk ilipowafikisha zahanati, mlango ulikuwa umefungwa, na kufuli limevishwa mfuko wa plastiki lisiliwe na kutu ya chumvi. Mtu halivishi kufuli nguo kwa ajili ya siku moja. Aboud aligonga, akapiga simu, akagonga tena. Mama Kavumbi akaja mbio na leso yake mkononi, akamshika Zuleikha tumbo, kisha akaangalia.

"Mtoto ametanguliza mguu. Huyu simwezi. Mkimbizeni Malindi!"

Walifika wamechelewa. Alikuwa mtoto wa kike. Wakamsugua mgongo, wakampulizia pumzi. Hakulia.

Zuleikha alitoka hospitalini akaenda kwa mama yake, na mpaka leo hajarudi. Siku ya arubaini Aboud alimwendea Mama Kavumbi, macho mekundu.

"Mlinyamaza, nikawafuta. Mbona hamkusema, mama?"

"Tulisema, mwanangu. Ukatufuta."

FUNZO

Ndugu zangu, elimu si kosa, wala cheti si dhambi. Namba zimewaokoa wengi. Lakini msomi anayekimbilia karatasi ya ukutani, akamdharau aliyemletea habari kwa sababu hakumaliza shule, huyo amejifunza kuhesabu watu bila kuwasikiliza. Mtu akinyamaza, muulize ni nini kinachomtisha. Usimfute, kwani huenda aliyenyamaza ndiye aliyekuwa na jibu. Na uongo wa mstari mmoja, ulioandikwa ili kuwahi mahafali, unaweza kurudi nyumbani kwako mwenyewe.

Nasi tusiosoma tusijifiche nyuma ya aibu. Ajuaye akanyamaza ana sehemu yake katika msiba, hata kama hakuna aliyemshtaki.

Hakuna aliyemshtaki Swabra. Wote walimpa pole. Hata Zuleikha, pale kitandani hospitalini, alimshika mkono akamwambia, "Wewe wifi yangu huna kosa." Swabra akauacha mkono wake ushikwe. Neno lililomkwama siku hiyo ni hili hapa, lisomwe na kila mtu:

Wifi Zuleikha, nilijua kwamba Jumamosi pamefungwa. Uliponiuliza, nilijua.