Aliyelala Hamulikwi

Mambo yalianza vizuri tu. Hilo ndilo Regina analolirudia kila akisimulia, kwamba hakukuwa na bundi, hakukuwa na ndoto mbaya, ilikuwa Jumamosi ya jua kali pale Mazimbu, nepi za mtoto zimejaa kwenye kamba, na mumewe Fransisko kainama ndani ya boneti ya Landrova tangu asubuhi, anapiga mluzi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Landrova yenyewe ni ya zamani, inawazidi umri wote wawili. Ilikuwa ya mjomba wake Regina, marehemu mzee Leonard wa Mgeta, aliyeitumia kushushia kabichi na karoti mjini miaka thelathini. Na kwa Waluguru wa kule juu mali ya mjomba inarudi kwa watoto wa dada yake, basi gari likamwangukia Regina. Lilikuwa zima kila kitu isipokuwa taa za mbele. Zile hazikuwa taa, zilikuwa vibatari. Ukiziwasha inabidi ushuke uzunguke mbele uhakikishe.

"Leo ndiyo mwisho wa vibatari," Fransisko akasema. "Hebu nishikie tochi hapa, mama Agnes."

Regina akashika tochi, Agnes yuko mgongoni, miezi tisa, meno manne, anamtafuna bega. Fransisko akamweleza huku anafunga. Kwamba umeme ulikuwa unatoka kwenye betri, unazunguka kwa waya mwembamba wa kizee hadi kwenye swichi ya dashibodi, ndipo urudi mbele, ukifika kwenye taa umeshachoka. Sasa anaweka rilei mbili, viboksi vyeusi vidogo kama kiberiti. Hizo zinapewa ishara tu, kisha zenyewe zinafungulia umeme mnene kutoka kwenye betri, moja kwa moja, kwa waya mmoja mwekundu.

"Ukiuchomoa huu mwekundu, taa hazina chakula," akasema, akaubana kwa kifungo cha plastiki.

Akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Rilei zikalia: tak. Mchana ule wa jua, ukuta wa jirani ukang'aa.

"Baba Agnes, umetuletea mwezi!"

"Wachawi wa huko kwenu safari hii watavaa miwani."

Wakacheka. Wala Regina hakujiuliza mbona mumewe alizungusha ufunguo tu, swichi ya taa hakuigusa.

Sasa, juu ya Mlali, njia ya Mgeta ikishaanza kupanda, kuna kona yenye jiwe lililopakwa chokaa. Upande wa juu kuna migomba iliyoachwa na mkondo mdogo wa maji. Hapo, zamani za bibi wa bibi zake Regina, walikuwa wanazikwa vichanga, wale waliokufa kabla ya kuota jino, hawana misalaba, hawana majina. Dereva wa kwao akifika kwenye jiwe anazima taa, hata kama kuna ukungu namna gani, anapita polepole hivyo hivyo hadi jiwe la pili, ndipo anawasha. Regina alikuwa na miaka saba alipomuuliza mjomba Leonard kwa nini.

"Aliyelala hamulikwi, mama," mjomba akamwambia. "Kitoto ukikimulika usoni kinaamka. Na kikiamka kinataka mama."

"Na mama yake akiwa hayupo?"

"Kinamchukua aliyepo."

"Na huyo aliyepo akiwa na mtoto wake?"

Mjomba aliendesha hadi jiwe la pili. Akawasha taa.

Fransisko alipopitishwa hapo mara moja, alikasirika mpaka wakafika. Yeye si wa milimani. "Ukungu, kona, korongo, halafu mnazima taa? Si bora mseme mmechoka kuishi?"

Jumatatu ilikuwa misa ya kumwombea mjomba, mwaka mmoja tangu afariki. Fransisko alikuwa na mitihani ya kusimamia chuoni hadi Jumatatu asubuhi, kwa hiyo Jumapili saa nane mchana Regina akaondoka peke yake na Agnes, kamfunga kwa khanga kwenye kiti cha pembeni, kamzungushia mito. Mlali akanunua ndizi. Jua lilikuwa bado lipo. Akaanza kupanda, na saa kumi, kama kawaida ya kule, ukungu ukateremka mlimani ukaimeza njia.

Mwanzoni alifurahi. Taa zilikuwa zinaona. Kila jani, kila kijiwe. Akamshukuru mumewe kwa sauti, Agnes akajibu kwa lugha yake, kisha akasinzia.

Jiwe la chokaa likatokea.

Regina akabonyeza swichi ya taa.

Hazikuzima.

Akabonyeza tena. Juu. Chini. Juu. Mwanga ni ule ule, na gari linaendelea kukata kona, na taa zinageuka nalo, zinaingia kwenye migomba. Zikapiga chini.

Kulikuwa na vituta. Miaka yote hiyo hakuwahi kuviona. Vituta vidogo, urefu wa mkono wa mtu mzima, vimepangana hadi mwanga ulipoishia. Majani yameota juu yake, vimezeeka, vimetulia.

Kimoja udongo wake ulikuwa mbichi.

Akazima injini. Tak. Taa zikafa. Akavuta breki ya mkono, akakaa.

Mtoto akalia.

Regina akapeleka mkono upesi kumbembeleza. Agnes alikuwa amelala. Kidole mdomoni.

Kilio kilitoka nje.

Akashika simu, hakuna mtandao. Mbele ni mlima, gari halipandi bila injini. Na akizungusha ufunguo, taa hizo hapo. Kurudi kinyumenyume kwenye ukungu ule, nyuma korongo. Kilio kikakoma, kikavuta pumzi, kikaanza upya, kile kilio chembamba cha kichanga cha siku mbili tatu, kila mama anakijua, maziwa yenyewe yanakiitikia. Kilikuwa kwenye migomba.

Kisha kilikuwa barabarani.

Waya mwekundu. Akaukumbuka. Hakuweza kumwacha Agnes ndani, hata kwa dakika moja. Akamfunga mgongoni, akakaza khanga mara mbili, akashuka. Akafungua boneti. "Salamu Maria," akaanza, akasahau inayofuata. Kile kifungo cha plastiki hakikubali kukatika. Akainamisha kichwa, akakiuma kwa meno. Akauma. Akauma. Kilio sasa kilikuwa kwenye gurudumu, karibu na mguu wake.

Kifungo kikakatika. Akaung'oa waya.

Kilio kikanyamaza palepale.

Khanga ikavutika. Polepole, kwa chini. Agnes akawa mzito mgongoni, mzito kama ndoo inayojazwa maji. Regina hakugeuka. Hakupeleka mkono. Akaingia nyuma ya usukani vile vile, kajikunja, akazungusha ufunguo. Tak. Taa hazikuwaka. Injini ikaitika. Akaendesha kwenye ule weupe, mdomo wazi, bila sauti, hadi jiwe la pili, hadi uwanjani kwa bibi yake.

Bibi Bernadeta alitoka jikoni na jiko la mkaa mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nipe mtoto."

Akamfungua Agnes. Mzima, mwepesi, anatabasamu, meno yake manne. Regina akalia kwa furaha. Lakini bibi hakuwa anamtazama Agnes. Alikuwa anatazama blauzi ya Regina. Upande wa kushoto imelowa hadi kiunoni.

"Umenyonyesha njiani?"

"Hapana, bibi."

Bibi akaweka jiko chini. Akasogea, akanong'ona.

"Ulimulika?"

Regina akaitikia kwa kichwa.

"Basi nisikilize. Agnes mpe ziwa la kulia. La kulia tu, umesikia? La kushoto usilizibe, usilipake kitu. Siku kile kitoto kikikosa la kushoto, kitahamia kwa mwenzake, kwa Agnes."

Fransisko alifika kesho yake mchana na gari la mboga. Alipokuta waya umening'inia akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. "Mimi ndiye niliyeunganisha taa kwenye ufunguo, Regi. Makusudi. Nilijua utazima tu pale. Niliogopa mtatumbukia, wewe na mtoto." Regina hakumgombeza. Angemgombeza vipi? Hakumwambia ya bibi, wala hajamwambia hadi leo.

Walirudi Mazimbu kukiwa na jua. Landrova iko uani, haiendeshwi, rilei ziko palepale zilipofungwa, na betri Fransisko ameitoa, ipo chini ya kitanda wanacholalia. Agnes analala upande wa baba yake, ukutani. Kila alfajiri, kabla ya adhana, uani panalia: tak.

"Ni bati hilo," Fransisko anasema, anageuka, anakoroma.

Regina hulala macho, hajitikisi, hadi kupambazuke. Kisha anajipapasa. La kulia limejaa, gumu, linamsubiri Agnes, na lina alama nne za meno. La kushoto ni tupu. Laini, bado na unyevu.

Halina alama hata moja.